Diski ya Zulfa

Marambo, Nachingwea
12 Februari 2023

Kwako mwanangu Imrani,

Salamu zikukute mzima, wewe na mkeo Somoe na wajukuu zangu. Huku tupo. Mvua imetuonea huruma mwaka huu, mahindi yamefika kiunoni na nyani wameshapata habari. Mbuzi yule mweusi kazaa mapacha. Goti langu linaniuma pale pale linapouma siku zote, kwa hiyo hilo si habari.

Usishangae kuona barua. Najua una simu, na mimi ninayo, iko kabatini nimeifunga kwenye kitenge. Tangu siku ile ya Agosti niliyoipokea nikaambiwa Zulfa na kichanga chake wamefia njiani, sijaishika tena. Watu wananiambia huo ni ujinga. Haya, na uwe ujinga. Bakary anapita hapa na gari lake la Noah kila baada ya siku mbili akija huko Ruangwa, karatasi inafika.

Nina shida, mwanangu. Walimu wenzake wa Nkowe waliniletea vitu vya Zulfa: nguo, vitabu, na ile kompyuta yake ya kupakata. Wewe unajua bibi yako alikuwa kungwi mkuu wa huku, lakini hujui kwamba miaka miwili ya mwisho Zulfa alikuwa anakuja kila likizo, anakaa naye uani, anamrekodi nyimbo zote za unyago kwa simu. Jioni anazihamishia kwenye kompyuta, kwenye simu anafuta, isije ikaokotwa na mtu. Bibi yako akatangulia. Mwaka haujaisha, Zulfa naye akaondoka. Sasa mwenye nyimbo hayupo na aliyefundishwa hayupo, vyote vimo humo kwenye kompyuta.

Juni tunawacheza unyago wasichana kumi na wanne. Wanawake wamenichagua mimi nisimamie, maana mimi ndiye binti mkubwa wa marehemu. Nyimbo nyingi nitajikongoja nazo. Ule wa asubuhi ya kutoka siujui. Kungwi anauimba peke yake, mwali kasimama mlangoni, na bila huo mwali anahesabika yuko ndani bado. Kila ukoo una wake, hatuwezi kwenda kuazima Mandawa. Usiniulize kwa nini siujui.

Kompyuta ukiiwasha inaguna kama mtu mwenye pumu, inaandika Kiingereza, halafu inazima. Nimempa Bakary akuletee. Itengeneze, lakini usisikilize chochote kilichomo. Wewe ni mwanaume, na Zulfa ni dada yako, hata kama mmezaliwa kwa matumbo mawili.

Na si nyimbo tu, Imrani. Sauti ya mwanangu imo humo. Mahali pengine sina.

Mama yako mkubwa,
Mwanaima


Ruangwa
5 Machi 2023

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, Somoe hajambo, watoto wanakula na kuharibu viatu. Mdogo wako, yaani mama yangu, anakusalimu sana, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na uache kubeba ndoo. Nimefikisha.

Kompyuta nimeipokea imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Nimeitoa diski, hicho ndicho kisahani cha chuma kinachotunza kila kitu, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu ya kazi. Folda sikufungua hata moja. Sisi mafundi tuna dirisha jeusi, halina picha wala sauti, unaandika amri kwa herufi na lenyewe linakujibu kwa herufi. Nimelitumia hilo kwa makusudi, nisione hata jina la wimbo. Niliandika chkdsk, nikaweka herufi ya diski yake, E, nikabonyeza. Ukiiandika hivyo bila kuongeza kitu inakagua tu, haigusi. Ni kama mwalimu mkuu anayeingia darasani na daftari la mahudhurio: daftari linasema arobaini, yeye anahesabu thelathini na sita, anaandika, anatoka. Ikanijibu kwamba kuna makosa, na kwamba haiwezi kuendelea kwa kusoma peke yake.

Nikaandika amri nyingine ya kuuliza afya ya diski. Jibu lake ni maneno mawili tusiyoyapenda hata kidogo. Maana yake diski yenyewe inaona inakaribia kufa.

Mama, naomba unisikilize hapa. Ipo amri ya kurekebisha, lakini hiyo inapita diski nzima kipande kwa kipande, na diski mgonjwa inaweza kufia mle mle. Kanuni ya kazi ni kunakili kwanza, halafu ndiyo unatibu. Naomba ruhusa yako nichukue nakala. Nitanakili kwa hilo hilo dirisha jeusi, sitasikia kitu, na nakala nitakuletea Marambo kwa mkono wangu.

Kuhusu dada Zulfa sijui niandike nini. Nikiona ile stika ya ua aliyoibandika kwenye mfuniko, naondoka mezani kwanza.

Mwanao,
Imrani


Marambo
19 Machi 2023

Imrani mwanangu,

Asante kwa salamu, na mwambie mama yako ndoo anibebee yeye. Tunasubiri mwezi uandame wiki hii, unga wa uji nimeshasaga. Mmoja wa wale mapacha wa mbuzi amekufa, sijui kimemuuma nini.

Nakala hapana.

Umesahau mara hii? Ile video ya binti wa watu iliyozunguka kwenye simu za madereva wote wa bodaboda, mpaka mtoto akahamishwa shule, ilitoka wapi? Ilitoka kwa fundi. Naye alisema ananakili tu. Sisemi wewe ni kama yule, nimekulea, nakujua. Lakini wewe una ofisi, ofisi ina mlango, na mlango unaingiza watu. Kesho umeenda kuswali, mtu kachomeka kidude chake, keshokutwa bibi yako anaimbwa baa. Mimi nitatazama watu kwa macho gani?

Itibu hapo hapo ilipo. Umesema amri ya kurekebisha ipo, basi itumie. Nisisikie habari ya nakala, wala kwenye simu, wala kwenye kidude, wala kwenye hilo dirisha lako jeusi.

Ninakuombea dua kazi yako iwe nyepesi.

Mwanaima


Marambo
7 Mei 2023

Kwako Imrani,

Natumaini mu wazima. Idi tumekula kuku wawili na nimemkosa mtu wa kumpa firigisi, maana aliyekuwa anazigombania ni Zulfa. Nimeziweka kwenye sahani, zimekaa hapo mpaka zikapoa.

Wiki saba sijapata barua yako. Nilidhani unaumwa. Nimemuuliza Bakary, anasema amekuona ofisini mchana kweupe unabadilisha kioo cha simu. Kwa hiyo mkono unafanya kazi.

Ufuta umekauka, tunavuna wiki ijayo. Baada ya ufuta ni unyago, unajua mwenyewe. Diski imefikia wapi?

Mwanaima


Ruangwa
15 Mei 2023

Shikamoo mama,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mtoto wa pili alikuwa na homa, sasa amepona. Mama yangu anakusalimu. Nasi tunavuna ufuta, Somoe yuko shamba siku nzima. Nakutumia sukari kilo mbili kwa mkono wa Bakary, na dawa ya goti ya kupaka.

Kazi yako iko mezani. Kazi za namna hii hazitaki haraka. Nitakujulisha.

Mwanao,
Imrani


Marambo
28 Mei 2023

Imrani,

Sukari nimepata, dawa nimepaka, inanuka vizuri na haifanyi kitu. Asante.

Barua yako yote salamu na sukari, kazi yangu umeipa mistari miwili. Mimi nimekaa na wewe hapa nyumbani miaka mitatu mama yako alipokuwa anaumwa. Wewe ukiharibu kitu unakuwa na adabu nyingi. Basi sikuulizi. Nitaanza mimi kusema langu, labda na wewe utapata ujasiri.

Ulinionea aibu ya kuuliza kwa nini mtoto wa kungwi mkuu hajui wimbo wa mama yake. Nakwambia. Mama aliniita nijifunze nikiwa na miaka ishirini na saba. Wakati huo nilikuwa nauza vitenge, nasafiri Masasi na Mtwara, najiona mjanja wa kutosha. Nikamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, amtafute mwingine asiye na kazi. Nilisema mbele za watu, kwenye msiba. Alisubiri nije nimwambie nimekosa, mimi nikasubiri aniite tena, na tumeishi uani humo humo miaka zaidi ya ishirini, tunapeana chumvi, tunaamkiana, basi.

Zulfa alipoanza kukaa naye, aliniita, "Mama njoo ukae na sisi." Ameniita mara nyingi. Mimi nina kazi jikoni. Nina mboga ya kuchambua. Nilikuwa nawasikia wanacheka kule uani, moyo unaniuma kama nimekanyaga mwiba. Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe, Imrani. Ndiyo nimesema, na sijawahi kumwambia mtu.

Nilijipa moyo kwamba Zulfa yupo, nitajifunza kwake polepole, bila mama kujua. Nani alijua kwamba Zulfa ataondoka?

Sasa wasichana wanaingia tarehe kumi Juni na kutoka ni Jumamosi tarehe ishirini na nne. Akina mama nimewaambia wimbo upo, uko kwa mwanangu Ruangwa, unakuja. Niambie kama nimewadanganya.

Mwanaima


Ruangwa
11 Juni 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi. Wote wazima.

Umewadanganya, na kosa ni langu.

Ilikuwa Jumanne tarehe ishirini na nane Machi, ndani ya Ramadhani. Niliandika chkdsk E: na nyuma yake nikaweka /f na /r. Ya kwanza ni kusema rekebisha, ya pili ni kusema tafuta sehemu mbovu, okoa kinachosomeka. Bila nakala, kama ulivyotaka. Fundi mwingine yeyote angekataa kazi, au angenakili kimyakimya na kukudanganya. Mimi sikuweza kukudanganya, wala sikuweza kubishana na wewe kuhusu unyago. Ningeandikaje? Ningetaja nini? Nikaona aibu, nikabonyeza.

Hatua tatu za kwanza zilipita kabla ya alasiri. Ya nne ikafika asilimia kumi na moja, ikakwama. Diski ikaanza kugonga. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimamisha kila kitu. Nikajiambia itasogea tu, nikaenda kufuturu. Tuko kwenye uji, umeme ukakatika. Nilikimbia kurudi na kanzu nimeishika mkononi, mama, watu wananicheka njiani.

Umeme uliporudi, folda alizopanga dada Zulfa hazikuwepo tena. Ilikuwepo folda moja mpya, FOUND.000, na ndani yake vipande mia mbili na kumi na vinne, havina majina, vina namba tu: FILE0000, FILE0001, hivyo hivyo mpaka mwisho. Majina yote aliyoyaandika yamefutika. Kujua kipi kizima na kipi maiti ni mpaka ukifungue na kukisikiliza.

Nimevunja sharti lako mara moja. Nilifungua kimoja, namba 0087, nijue kama kuna chochote kilicho hai kabla sijakuandikia. Yalikuwa maongezi tu ya bibi na dada. Nikafunga. Usiniulize zaidi ya hapo.

Baada ya hapo nilikaa kimya miezi miwili. Nilikuwa naamka asubuhi nikisema leo namwandikia, jioni inafika sijaandika. Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonipiga. Nikamweleza Somoe. Yeye alichezwa kwao Mandawa, anaruhusiwa. Amekaa na spika za masikioni siku kumi, akitoka shamba, kila jioni mpaka magharibi, anafungua namba moja moja, mimi nimekaa nje barazani. Vinavyosikika na vina wimbo ndani ni tisa. Amenakili yeye mwenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu anayokuletea Bakary, wala sijaigusa, ameishona kwenye kitambaa. Bakary anadhani ni dawa.

Wa asubuhi ya kutoka haumo. Somoe amesikiliza maneno yote, anasema hakuna wa mlangoni hata mmoja.

Nisamehe mama. Kwa mkono wangu umefiwa mara ya pili.

Imrani


Marambo
9 Julai 2023

Imrani mwanangu,

Sijambo. Mbaazi zimeanza kukomaa, mikorosho tunapuliza salfa, kila mtu macho mekundu. Simu nimeitoa kabatini kwa ajili ya ile kadi. Sijaanza kuipokea, naitumia kusikiliza tu.

Nimekukasirikia wiki mbili nzima. Nilikuwa natwanga huku nakutukana kwa jina. Sasa nimechoka. Neno la kutonakili lilikuwa langu, wewe ulitii tu, na kosa lako ni kwamba ulinitii mno. Mwambie Somoe ahsante, nimemwekea kitenge.

Nikwambie ilivyokuwa, kwa ile sehemu unayoweza kuambiwa. Siku za ndani zimekwenda vizuri, zile tisa zimenisaidia, wanawake wanasema ni kama marehemu amerudi. Asubuhi ya kutoka nimesimama mlangoni. Mwali wa kwanza ni binti wa Mikidadi, kapakwa mafuta, kavalishwa, kainamisha kichwa. Watu wote wananitazama mdomo. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Piga ngoma tu, ni nani atajua?" Nikakataa. Nikawaambia: wimbo sina, mama yangu alitaka kunifundisha nikakataa, mwanangu akaujua na mwanangu hayupo. Nilisema kwa sauti, kwenye ule ule uwanja nilipomkatalia mama siku ya msiba. Wasichana wakatoka mmoja mmoja, kimya, hakuna vigelegele. Mama wa yule wa kwanza akaja kunishika mkono, analia, akaniuliza, "Sasa dada, mwanangu ametoka au hajatoka?"

Mpaka leo tukikutana kisimani ananipita.

Sasa nina ombi. Kwenye hizo tisa Zulfa anaitikia tu, yuko mbali, sauti yake iko chini ya sauti ya bibi yako. Mimi nataka kumsikia akiongea. Umeandika kuna kipande cha maongezi. Maongezi hayana mwiko, Imrani. Hicho kinakili, kinakili hata mara ishirini, mpe Bakary, mpe nani, weka popote unapotaka. Na wakati nakisubiri, niandikie walikuwa wanaongea nini. Ulisema nisiulize. Ninauliza.

Mama yako,
Mwanaima


Ruangwa
6 Agosti 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu, Somoe amekipenda kitenge. Mwezi huu ni mwaka mmoja wa dada, tutakuja wote kwenye hitima, mimi nitatangulia.

Barua yako niliipata tarehe kumi Julai na jioni hiyo hiyo nikaichomeka diski. Taa iliwaka, diski haikuzunguka. Nikaandika amri, dirisha jeusi likanijibu kwamba E haipo. Nimejaribu kila siku. Nimeipeleka Masasi kwa fundi Kasmiri aliyenifundisha kazi, akaifungua, akanionyesha ile sahani: imekwanguliwa mviringo mzima kama sufuria iliyosuguliwa kwa msumari. Akasema nisimpe mtu mwingine hela zangu. Kile kipande hakipo tena, mama. Nakala sina. Ulinikataza, na kwa hicho kimoja nilitii mpaka mwisho.

Somoe alipofika kwenye namba 0087 nilimwambia akiruke, nikasema ni maongezi tu. Nilisema hivyo kwa aibu, sikutaka mke wangu ajue nimesikiliza mpaka ukingoni mwa wimbo. Na wewe nikakuandikia hivyo hivyo. Ulikuwa mwezi wa sita, diski ilikuwa hai, na wasichana walikuwa bado ndani. Ningesema ukweli siku ile, ungeupata wimbo. Nimelala na jambo hili siku hamsini na sita, nimezihesabu.

Nilichosikia nakuandikia chote. Walikuwa wanaongea Kimwera, mimi naweka kwa Kiswahili.

Mwanzo ni kuku, na mtu anatwanga kwa mbali. Dada anataja tarehe, anasema yuko na bibi. Halafu bibi anauliza, "Mama yako yuko wapi?"

Dada akasema, "Yuko jikoni."

"Kamwite."

Nikasikia anaondoka, kandambili zinaburuzika. Akakaa kidogo, akarudi. Akasema, "Anakuja, bibi."

Bibi akasema, "Basi tumsubiri. Zile nyingine utamfundisha wewe, nimeshakuachia. Huu wa mlangoni nataka ausikie kwangu."

Wakasubiri. Nilikuwa naangalia dakika zinavyokwenda chini ya kioo, mama, zilikuwa kumi na moja. Mara mbili bibi aliuliza, "Bado?" Dada akajibu, "Bado, anakuja." Mara moja dada alicheka, sikujua anacheka nini, nadhani kuku alifanya kitu. Bibi akamwambia nywele zake zimekuwa ndefu, akija likizo nyingine atamsuka. Muda wote huo mchi haukusimama.

Mwishoni bibi akasema, "Haya. Tuanze, atatukuta." Akakohoa, akasafisha koo, dada akasogea karibu.

Na mimi nikafunga.

Mwanao,
Imrani